Maradhi ya Kutetemeka Hayaishii Mkononi



Wengi wetu huyatambua maradhi ya Parkinson kwa sura yake ya nje. Mkono wa mzee hutetemeka ukiwa umetulia pajani. Hatua zake huwa fupi na nzito, mwandiko husinyaa, chai humwagika kabla ya kikombe kufika mdomoni, na uso uliokuwa mchangamfu hukakamaa kama wa mtu aliyekasirika ilhali hakukasirika. Hayo ndiyo humfikisha mgonjwa hospitali, na ndiyo daktari huyapima kwa kumwambia anyanyue mkono, afumbe na kufumbua kiganja, kisha asimame na kutembea.

Lakini yapo mengine ambayo hayapimwi kwa kunyanyua mkono, na aghalabu hayo ndiyo huivunja nyumba. Mzee aliyeishi na mkewe miaka arobaini kwa wema anaanza kumtuhumu kwamba ana mwanamume mwingine. Mzee ambaye hakuwahi kugusa kamari anakutwa usiku wa manane akibashiri matokeo ya mpira kwenye simu, na fedha ya ada za wajukuu imekwisha. Bibi aliyekuwa nguzo ya jamaa anakaa kutwa nzima akitazama ukuta, na akiulizwa anasema hana jambo. Watoto hunong'onezana kwamba baba ameharibikiwa uzeeni, au kwamba mama amerogwa. Kumbe mara nyingi hayo yote ni maradhi yaleyale yaliyoutetemesha mkono, au ni taathira ya dawa zinazoyatibu.

Wiki hii tumekusudia kulizungumza jambo hilo. Familia inayolijua mapema huweza kuihifadhi heshima ya mzee wake, ndoa yake na mali yake. Familia isiyolijua huishia kumhukumu mgonjwa kwa dhambi ambayo haikuwa yake.

Jinsi lilivyosahauliwa

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za wagonjwa 6 tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Alieleza kwa ustadi mkubwa namna mwili unavyoinama na miguu inavyokimbilia mbele. Ama kuhusu akili, aliandika kwamba hisi na fahamu za mgonjwa hubaki salama. Jean-Martin Charcot wa Paris, ambaye baadaye ndiye aliyependekeza maradhi haya yaitwe kwa jina la Parkinson, aliona kwamba akili nayo huguswa. Hata hivyo, kauli ya yule wa kwanza ndiyo iliyoshika mizizi.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika karne hiyohiyo, mwaka 1872, kijana George Huntington wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alieleza maradhi mengine ya mwili kutotulia, yanayorithiwa kutoka kwa mzazi. Yeye alitegemea kumbukumbu za baba yake na babu yake, ambao wote walikuwa madaktari na waliwatibu watu wa familia zilezile kwa miongo mingi. Miongoni mwa alama tatu alizozitaja, mojawapo ilikuwa mwelekeo wa kurukwa na akili na kujidhuru. Parkinson aliwatazama wengine njiani kwa muda mfupi. Akina Huntington waliwajua watu wao nyumbani, kizazi hadi kizazi. Anayekaa na mgonjwa huyaona ambayo mpita njia hawezi kuyaona. Tutalirudia hilo, kwa kuwa ndilo msingi wa makala hii.

Karne ya ishirini ilileta furaha kubwa iliyowasahaulisha watu upande huo wa pili. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionesha umuhimu wa kemikali iitwayo dopamini katika ubongo. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna wakagundua kwamba ubongo wa waliofariki na Parkinson ulikuwa umepungukiwa mno na kemikali hiyo. Mwaka 1967 George Cotzias akaonesha huko Marekani kwamba dawa ya levodopa, ikipandishwa taratibu hadi kipimo kikubwa, huwawezesha watu waliokakamaa kutembea tena. Baada ya ushindi kama huo, si ajabu kwamba macho ya matabibu yalielekea kwenye mikono na miguu.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Katika shina la ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ambayo seli zake hutengeneza dopamini. Seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi, na mtetemo huanza kuonekana wakati sehemu kubwa ya hazina hiyo imekwisha kupotea. Ndani ya seli zinazougua hukutwa mabonge ya protini yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 na Friedrich Lewy, na hadi leo huitwa miili ya Lewy.

Lau mabonge hayo yangekaa katika sehemu ile nyeusi peke yake, maradhi yangekuwa ya viungo tu. Lakini hayakai hapo. Huonekana pia katika sehemu zinazosimamia usingizi, harufu, furaha, hofu, kumbukumbu na kuona. Zaidi ya dopamini, kemikali nyingine kama serotonini, noradrenalini na asetilikolini nazo hupungua. Kwa hiyo mgonjwa wa Parkinson anapohuzunika kupita kiasi au anapoona yasiyokuwapo, hajapata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Ni ugonjwa uleule, umegusa chumba kingine cha nyumba ileile.

Huzuni, na kuzimika kwa hamu

La kwanza ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Watafiti walipokusanya tafiti nyingi pamoja, walikuta kwamba takriban wagonjwa 35 kati ya 100 wana dalili za sonona zinazohitaji kuangaliwa na tabibu. Kwa baadhi yao huzuni hiyo hutangulia mtetemo kwa miaka, kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba mzee anahuzunika tu kwa sababu ameambiwa ana maradhi. Hali kadhalika wapo wanaoshikwa na wasiwasi mkali, moyo ukienda mbio hasa saa ambazo nguvu ya dawa inakwisha mwilini.

La pili hufanana na huzuni, lakini ni kitu kingine: hamu ya kufanya jambo lolote huzimika. Mzee halii wala halalamiki, ila hainuki. Aliyekuwa wa kwanza kufika msikitini alfajiri sasa anasali nyumbani baada ya kukumbushwa mara tatu. Aliyependa kuwapigia simu ndugu zake hapigi, na wakimpigia hujibu maneno mawili. Karibu wagonjwa 40 kati ya 100 hupatwa na hali hii. Familia huiita uvivu, au kulegea kwa imani, au kiburi. Lakini moto wa ndani unaomsukuma mtu kuanza jambo hutegemea kemikali zilezile zinazopungua. Kumkemea hakusaidii. Kinachosaidia ni kumtengenezea ratiba ya siku, kumshika mkono na kumwambia, "Baba, twende pamoja." Mara nyingi akishaanzishwa, huendelea.

Hatari ni kwamba hali zote mbili hujificha nyuma ya uso uliokakamaa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 101 walijaza dodoso kuhusu hali zao. Dodoso lilionesha dalili za sonona kwa wagonjwa 44 katika kila 100. Madaktari bingwa waliowaona katika ziara ileile waliitambua sonona kwa 21 tu katika kila 100. Hao walikuwa mabingwa, kliniki ilikuwa na vifaa vyote, na bado zaidi ya nusu waliwapita.

Anayaona yasiyokuwapo

La tatu ndilo huzua hofu kubwa majumbani, nalo ni maruweruwe. Huanza taratibu. Mgonjwa huhisi kwamba mtu yupo nyuma yake, akigeuka hakuna. Huona kitu kama paka kikipita pembeni mwa jicho. Shati lililotundikwa mlangoni huwa mtu aliyesimama. Baadaye huona watu kamili, aghalabu wadogo na wakimya, wamekaa sebuleni. Au huona watoto wakicheza uani, au jamaa waliokwisha kufariki. Mwanzoni wengi hujua kwamba wanachokiona si cha kweli, na wengine hata hawaogopi. Wanachoogopa ni kusema, wasije wakaitwa wendawazimu.

Hapa mazungumzo ya majini huingia haraka. Kuamini kwamba majini wapo ni sehemu ya itikadi yetu, na hilo halina mjadala katika safu hii. Lakini kuwapo kwao hakumaanishi kwamba kila anayeona mtu asiyeonekana na wengine ameingiliwa. Tazama utafiti uliofanywa Uswisi na kundi la Olaf Blanke, uliochapishwa mwaka 2021, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Fosco Bernasconi. Mgonjwa alifungwa kitambaa machoni, akashika kifaa na kukisukuma mbele yake. Roboti iliyokuwa nyuma yake ikaurudia mwendo huohuo kwa kumgusa mgongoni. Mguso ulipocheleweshwa kidogo, kwa muda usiofika sekunde moja, baadhi ya watu walianza kuhisi kwamba kuna mtu mwingine nyuma yao. Wagonjwa wa Parkinson ambao tayari walikuwa na hisia hiyo nyumbani waliathirika zaidi kuliko wengine.

Maana yake ni kwamba ubongo, unaposhindwa kuoanisha mwendo wa mwili wake na hisia zinazorudi, huweza kuitafsiri nafsi ya mtu mwenyewe kuwa ni mgeni aliye nyuma yake. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni kheri, na hakuna daktari mwenye busara atakayekukataza. Kinachoangamiza ni kumhamisha kwa mganga huyu na yule, kumnywesha visivyojulikana, na kumkatia dawa zake.

Mke anapotuhumiwa

Pamoja na maruweruwe huja dhana potofu, yaani imani thabiti juu ya jambo lisilo na ushahidi, ambayo haiondoki hata mtu aelezwe vipi. Mgonjwa husadiki kwamba fedha zake zimeibwa, kwamba chakula kimetiwa sumu, au kwamba mwenzi wake anazini. Hili la mwisho ni miongoni mwa dhana zinazojulikana sana kwa wagonjwa wa Parkinson, na ni zito kuliko yote katika jamii yetu, ambamo kumtuhumu mke uzinifu si neno la kutamkwa hovyo, na talaka iliyotamkwa kwa hasira ina hukumu zake.

Tuwaze mama wa miaka sitini na mitano, ambaye humwogesha mumewe, humvisha na kumlisha, kisha jioni anaambiwa mbele ya wakwe zake kwamba yeye ni mchafu. Tuwaze watoto wanaogawanyika, huyu akimwamini baba, yule akimtetea mama. Kabla ya kikao cha wazee kuitishwa, na kabla ya jambo kufikishwa kwa kadhi, mtu mmoja inampasa aulize: je, huyu ni mgonjwa wa Parkinson, na tuhuma hizi zilianza lini, baada ya dawa ipi kuongezwa? Na ikiwa neno la talaka limekwisha kutamkwa katika hali hiyo, wapelekewe wanazuoni habari kamili pamoja na maelezo ya daktari, ili hukumu itolewe juu ya hali ya mtu kama ilivyo.

Ya kamari na manunuzi

Lipo jambo la nne ambalo chanzo chake kikubwa ni dawa. Baadhi ya dawa za Parkinson, hasa zile zinazoiga kazi ya dopamini kama pramipeksoli na ropiniroli, huweza kumwamshia mgonjwa matamanio asiyoweza kuyazuia: kucheza kamari, kununua vitu bila kiasi, kula bila kipimo, au kutaka tendo la ndoa kupita kawaida yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, ulikuta tabia za namna hiyo kwa wagonjwa 13.6 katika kila 100. Kwa waliokuwa wakitumia kundi hilo la dawa walikuwa 17.1 katika kila 100. Kwa wasiozitumia walikuwa 6.9.

Watafiti hulieleza hivi. Dopamini haitumiki kwa mwendo peke yake; ndiyo pia hubeba habari za matarajio na malipo, ile raha ya "huenda nitapata". Katika Parkinson, sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo hukauka mapema, ilhali sehemu inayosimamia malipo hubaki na unyevu wake kwa muda. Ni kama shamba lenye matuta mawili, moja kavu na jingine lenye maji. Ukiufungua mfereji mmoja kwa ajili ya lile kavu, lile jingine hufurika.

Kwa hiyo mzee aliyeangukia kwenye kamari baada ya dawa kubadilishwa anahitaji daktari kabla hajahitaji mawaidha. Mara nyingi dawa ikipunguzwa au ikibadilishwa kwa utaratibu, hamu ile hupungua. Familia nayo iweke stara: simu isiachwe na fedha nyingi, kadi ya benki ishikwe na mtu mwaminifu, na jambo lisitangazwe. Wengi hulificha kwa aibu mpaka nyumba imewekwa rehani.

Usingizi usiotulia

La tano hutokea kitandani. Mtu mwenye afya anapoota, mwili wake hulegea ili asizitende ndoto zake. Kwa baadhi ya watu kizuizi hicho huharibika: mzee hupiga kelele, hurusha ngumi, humpiga teke mkewe, naye akiamka husema alikuwa akipigana na mwizi ndotoni. Hali hiyo ilielezwa rasmi mwaka 1986 na Carlos Schenck na wenzake huko Minnesota. Baadaye ilibainika kwamba huweza kuyatangulia maradhi ya Parkinson kwa miaka mingi. Katika utafiti wa mwaka 2019 uliowafuatilia watu 1,280 wenye hali hiyo katika vituo 24 duniani, ilikadiriwa kwamba baada ya miaka 12 takriban 73 kati ya 100 huwa wamepata Parkinson au maradhi ya jamii yake.

Mke anayepigwa usingizini asidhani kuwa ni chuki iliyofichika. Viondolewe vitu vyenye ncha karibu na kitanda, alale kitanda cha pembeni ikibidi, na daktari aelezwe.

Familia ndiyo shahidi

Sasa turudi kwenye lile la akina Huntington. Mwaka 1994 Jeffrey Cummings na wenzake wa Los Angeles walitunga dodoso la kupima dalili za akili na tabia kwa wenye maradhi ya ubongo. Lilianza na mambo 10, kisha yakawa 12: dhana potofu, maruweruwe, ghasia, huzuni, wasiwasi, furaha isiyo na sababu, kuzimika kwa hamu, kutojizuia, hasira za haraka, vitendo vya kurudiarudia, usingizi na ulaji. Dodoso hilo hajibu mgonjwa. Anayejibu ni yule anayekaa naye. Baadaye likaongezwa swali kwa huyo anayejibu: na wewe, jambo hili linakuumiza kiasi gani?

Leo katika vyuo vikuu na hospitali nyingi duniani wapo wasomi waliokwisha kupata shahada ya uzamivu na wakaendelea na utafiti katika fani hii. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kuketi na mke, binti au mkwe wa mgonjwa, wakiuliza maswali hayo na kuyalinganisha na picha za ubongo na kumbukumbu za dawa. Elimu kubwa tuliyonayo juu ya jambo hili imetoka vinywani mwa wauguzaji wa nyumbani. Na umuhimu wake ulidhihirika mapema: mwaka 1993 watafiti wa Chicago walipowalinganisha wagonjwa waliopelekwa katika nyumba za kulea wazee na waliobaki kwao, walikuta kwamba kilichowatofautisha hasa ni maruweruwe. Kutetemeka watu walikuwa wamekuvumilia.

Hapa Tanzania, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la maradhi yao. Ikiwa mtetemo unaoonwa na mtaa mzima ulipita bila kutambuliwa, itakuwaje huzuni iliyofungiwa chumbani?

Ya kufanya

Ndugu wasomaji, tunashauri mambo machache.

Kwanza, wekeni daftari. Andikeni tarehe, lililoonekana, saa, na dawa iliyobadilishwa karibuni. Mkienda kliniki, daktari akimaliza kupima mkono, mwambieni: "Daktari, lipo na hili." Ikiwa ni jambo la aibu, mmoja wenu aombe kuzungumza naye faragha, ili mzee asivunjiwe heshima mbele ya watoto wake.

Pili, msikate dawa ghafla. Levodopa na wenzake zikisimamishwa kwa mara moja huweza kuleta homa kali, kukakamaa na hatari ya kifo. Kupunguza ni kazi ya daktari, na hufanywa kwa hatua. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa chache na anatamani kufunga Ramadhani, ashauriane mapema na daktari wake na mwanazuoni anayemwamini, kabla mwezi haujaandama.

Tatu, mzee akichanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msidhani ni maradhi yamezidi. Tafuteni maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji, kufunga choo, au dawa mpya. Mengi ya hayo hutibika.

Nne, jihadharini na sindano ya kumtuliza. Dawa za zamani za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, huizuia dopamini, na mgonjwa wa Parkinson huweza kukakamaa mwili mzima na kushindwa hata kumeza. Dawa ya kutapika iitwayo metoklopramidi nayo huizuia. Popote mnapompeleka, iwe hospitali au zahanati, neno la kwanza liwe: "Huyu ana Parkinson." Ziko dawa nyingine ambazo daktari bingwa huweza kuzichagua. Klozapini kwa kipimo kidogo ilithibitishwa na tafiti za mwaka 1999 kuwa hutuliza maruweruwe bila kuongeza mtetemo, ingawa mtumiaji hulazimika kupimwa damu mara kwa mara. Kwa waliopungukiwa na kumbukumbu, rivastigmini ilionesha manufaa ya wastani katika utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha wagonjwa 541.

Tano, msibishane na maruweruwe wala msiyathibitishe. Mzee akisema, "Wale watoto wamerudi," mwambieni kwa upole, "Sisi hatuwaoni, baba, lakini tupo nawe." Washeni taa, ondoeni nguo zilizotundikwa, mpelekeni akapimwe macho. Na akisema amechoka kuishi, msimwambie tu asikufuru. Msimwache peke yake, na siku hiyohiyo afikishwe hospitali.

Sita, mtazameni anayeuguza. Mara nyingi ni mwanamke mmoja, mke au binti, ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi, huku jamaa wakija Ijumaa kumjulia hali mgonjwa na kuondoka. Mtu akimpokea zamu usiku mmoja kwa wiki, amewasaidia wawili kwa pamoja. Kuwatendea wema wazazi tumeusiwa sote, na wema huo haukutengwa kwa mtoto mmoja.

Maradhi haya hayajapatiwa tiba ya kuyaondoa. Huenda na mtu mbali: katika utafiti wa Sydney, wagonjwa waliofuatiliwa mpaka miaka 20, 83 kati ya kila 100 waliokuwa bado hai walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ufahamu wao. Safari ni ndefu, na haifai kuianza kwa kutoelewana. Mzee anayetuhumu, anayenuna, anayeona wageni sebuleni, bado ni yuleyule aliyetufundisha kutia udhu. Maneno mengine asemayo siku hizi yanatoka katika ugonjwa, na kuyatenganisha na yake mwenyewe kunahitaji watu wanaomjua, yaani sisi wa nyumbani kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira na nguvu wanaowauguza. Tukutane wiki ijayo, inshallah. Wabillahi tawfiq.